Je, Ni Dhambi Kutaka Kushinda?



Vijana wenzangu, leo nataka tuongee jambo linalotugusa karibu kila siku, ila ni mara chache tunalipeleka kwenye sala: ushindani. Tangu darasa la kwanza tunapangwa wa kwanza hadi wa mwisho. Tukimaliza shule, nafasi moja ya kazi tunaiomba watu mia. Ukiamua kujiajiri, unakuta mwenzako keshafungua palepale. Hata kwaya zetu zina mashindano. Sasa Mkristo afanye nini? Akimbie kwa nguvu zote, au akae pembeni kwa unyenyekevu awaachie wengine?

Kuna majibu mawili ya haraka ninayoyasikia sana. La kwanza: dunia ni pori, mwenye nguvu ndiye anayeishi, huruma weka nyumbani. La pili: Mkristo wa kweli hashindani na mtu. Kwa kweli, yote mawili hayaniridhishi.

Tuanze na hilo pori. Ni kweli Serengeti simba na fisi wananyang'anyana mizoga. Lakini tazama pia wala majani. Pundamilia hutangulia na kula majani marefu, magumu. Nyumbu wakija nyuma hukuta majani mafupi yanayowafaa. Mwishoni swala tomi hupata vichipukizi laini vilivyoachwa wazi. Wote wanategemea uwanda uleule, na bado anayetangulia anamfungulia njia anayefuata. Kwa hiyo hata porini si vita tu. Halafu kuna jambo jingine. Simba dume akiliteka kundi, mara nyingi huua watoto wa dume aliyemtangulia. Kama sheria ya pori ndiyo kipimo cha biashara na ofisi zetu, itabidi tuichukue na hiyo. Nani anaitaka? Simba hana dhamiri. Mimi na wewe tunayo. Pori linatuonyesha mambo yanavyotokea, halituambii yapi ni mema.

Na jibu la pili je? Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorinto, watu waliokaa karibu na michezo maarufu ya Isthmia, akawaambia wapige mbio kama mtu anayetaka tuzo (1 Kor 9:24-25). Hakuwaambia mbio ni dhambi. Na wahenga wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtaa wenye duka moja tu, bei hupanda na lugha kwa wateja huharibika. Likifunguliwa la pili, ghafla muuzaji anajua kusema karibu! Ushindani hutuamsha usingizini, na anayefaidika ni yule mama aliyekuja kununua nusu kilo ya sukari.

Basi shida iko wapi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia kutofautisha huzuni mbili zinazofanana kwa nje. Ya kwanza ni kuhuzunika kwa sababu mimi sina kitu chema alicho nacho mwenzangu. Hiyo inaweza kuwa bidii njema, hasa kitu chenyewe kikiwa ni fadhila. Ya pili ni kuhuzunika kwa sababu yeye anacho, kana kwamba mema yake yananipunguza mimi. Huo ndio wivu, kile kijicho kilichomfanya Kaini amwinukie ndugu yake. Kwa hiyo kutaka kushinda si dhambi. Swali ni hili: unataka wewe upande, au unataka yeye ashuke?

Angalia michezo. Desemba 2012, huko Burlada, Hispania, Mkenya Abel Mutai, aliyekuwa ameshinda medali ya shaba kwenye Olimpiki ya London mwaka huohuo, alikuwa anaongoza mbio za nyika. Akasimama kabla ya mstari akidhani amemaliza. Mhispania Iván Fernández Anaya, aliyekuwa wa pili, angeweza kumpita. Badala yake alibaki nyuma yake, akamwelekeza kwa ishara mpaka akavuka wa kwanza. Baadaye alieleza kwamba hakustahili ushindi ule. Huyu hakukimbia polepole kwa unyenyekevu, alikimbia kweli. Ila alitaka ushindi wa kweli, na ushindi wa kweli unamhitaji mpinzani akiwa mzima. Si ajabu Kiswahili chetu kinasema kushindana: ile -ana mwishoni inadai wawe wawili. Ukimwangamiza mwenzako, mashindano yenyewe yamekufa.

Lakini biashara ni ngumu kuliko mbio. Parokiani kwetu wapo vijana wawili, marafiki tangu kipaimara, ambao vibanda vyao vya miamala ya simu vinatazamana barabarani. Siku hizi tukifika kutakiana amani kwenye Misa, kila mmoja anageukia upande mwingine. Mmoja aliniuliza: "Kaka, ni dhambi kumwomba Mungu wateja waje kwangu?" Nikamwambia si dhambi, ila jaribu kuongeza, "na mwenzangu naye asilale njaa." Akanyamaza. Kisha akasema: "Lakini wateja ni walewale. Akipata yeye, mimi nimekosa."

Jamani, hapo ana hoja, na tusiifunike kwa maneno matamu. Mwanariadha akishindwa anarudi nyumbani na medali nyingine. Mfanyabiashara akishindwa anaweza kukosa kodi ya chumba. Ndiyo maana Papa Pius XI, katika waraka wake Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alifundisha kwamba ushindani ndani ya mipaka yake ni halali na una faida, lakini hauwezi kuachiwa usukani wa uchumi. Usukani ni wa haki na upendo wa kijamii. Soko linajua nani kauza. Halijui nani hajala. Mwenye shamba la mizabibu (Mt 20) alijua. Wale wa saa kumi na moja hakuna aliyekuwa amewaajiri, na familia zao zilihitaji mkate wa siku nzima, akawalipa hivyo.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, shindana. Fungua mapema, soma usiku, fanya mazoezi. Ila usimchafue mpinzani jina, usipunje, usitafute mganga. Ukikosa huduma, mwelekeze mteja ng'ambo ya barabara. Ukishinda, jua ushindi umekuongezea deni kwa aliyebaki nyuma. Na ukishindwa, thamani yako mbele ya Mungu haijashuka hata senti. Yapo mashindano ambayo Paulo anatuhimiza tuyakimbilie bila mpaka: kutangulizana katika heshima (Rum 12:10). Anza wiki hii na yule unayemkwepa.

Tusali: Ee Yesu, unifundishe kupiga mbio bila kumchukia ninayekimbia naye. Mbariki leo yule ninayeshindana naye, kazi yake na nyumba yake. Amina.