Haki ya Njia na Baiskeli ya Babati

Mgawanyo wa barabara huhesabiwa kuwa kazi ya wahandisi, ingawa kiini chake ni suala la haki, kwa kuwa anayegawa nafasi hugawa pia hatari. Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, imepitiwa katikati na barabara kuu iendayo Arusha na Dodoma, ambamo mabasi na malori ya masafa marefu hukutana na mkulima aliyefunga gunia la mbaazi nyuma ya baiskeli.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuligusa jambo hili, liliposema kwamba barabara za lami za mijini humfaa hasa mwenye gari, ilhali mkopo uliozijenga hulipwa kwa mazao ya mkulima. Hoja hiyo yaweza kusogezwa mbele: mkulima huyo, akiisha kulipa, huachiwa ukingo wa lami, baina ya tairi la lori na mtaro. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ukomo wa kisheria katika makazi, hugonga kwa nishati inayokaribia mara tatu ya lile la kilomita 30, na anayeumia siye aliyekanyaga mafuta.

Dawa ya haraka ni mstari wa rangi unaotenga njia ya baiskeli, ambao kwa kawaida hukoma kwenye makutano, pale hasa ambapo gari linalokata kona kushoto humfungia njia mwendesha baiskeli anayenyoosha; kwingineko hugeuka kijiwe cha bodaboda. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari na Muslim huwataka wanaokaa njiani waipe njia haki yake, ikiwamo kujizuia wasiwaudhi wapitao. Wajibu huo, kwa mantiki yake, unamhusu pia aliyeichora njia, kwani kumlaumu bodaboda peke yake ni kuitwika dhamiri kazi ya ukingo wa zege.

Hata zege lina dhuluma zake. Nguzo zinazomzuia bajaji humzuia pia mwenye guta, yaani baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, na njia iliyopimwa kwa mabega ya mwendeshaji haimtoshi aliyening'iniza madumu ya maji kila ubavu. Kipimo cha haki ni mzigo mpana wa siku ya soko, hata lami ya magari ikipungua. Na kwa kuwa TANROADS husimamia barabara kuu na TARURA mitaa ya mji, taasisi hizo mbili zinapaswa kukubaliana kipimo hicho kabla makutano hayajachorwa.