Je, Tulimpenda Mtu au Mchezo Wake?

Adabu yatutaka tusimseme marehemu kwa ubaya. Lakini je, yatutaka pia tufiche ukweli wa maisha yake?

Twamkumbuka Garrincha, mchezaji wa Brazili, aliyefariki mjini Rio de Janeiro tarehe 20 Januari 1983, umri wake miaka 49. Miguu yake ilikuwa imepinda, yote miwili ikielekea upande mmoja. Na kwa miguu hiyo aliwapita walinzi kana kwamba anacheza na watoto, akaisaidia nchi yake kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1958 na 1962. Watu walimwita Furaha ya Watu. Alipokufa, jeneza lake lilipelekwa katika uwanja wa Maracanã, na maelfu wakaja kumlilia.

Ulevi ndio uliomwua. Wako wasemao: tukumbuke mchezo, mengine tuliachie kaburi. Sisi hatuafiki. Furaha aliyowapa watu ilikuwa ya kweli. Lakini mke wake wa kwanza na binti zao wanane, ambao aliwaacha, je, machozi yao hayakuwa ya kweli? Kuwanyamazia ili sifa zake zing'ae ni kuwadhulumu.

Tena ugonjwa wake haukuwa siri. Mwaka 1980, katika sherehe za kanivali, alipitishwa mbele ya umati juu ya gari lililopambwa, amedhoofu, hata shangwe haziitikii. Atakaye jambo hilo lisitajwe, pengine hamsitiri marehemu, bali ajisitiri mwenyewe, asije akaulizwa alifanya nini siku ile alipomwona akipita.