Anayeshika rimoti

Uganda ilipoanza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1963, mtazamaji alikuwa na stesheni moja tu, ya serikali. Hapakuwa na pa kuhamia. Leo, sebuleni Bwera au Kasenyi kando ya Ziwa George, king'amuzi kimoja kina chaneli tele, na kitufe cha kuzibadilisha kwenye rimoti huchakaa mpaka alama yake inafutika: habari sekunde tano, mpira kidogo, tamthilia, mahubiri, kisha mpira tena.

Rimoti ya kwanza ya televisheni isiyo na waya ilitoka Marekani mwaka 1955, kazi ya Eugene Polley wa kampuni ya Zenith. Ilinadiwa kwa sababu iliweza kunyamazisha matangazo ya biashara.

Anayeumia zaidi na kuhamahama huku ni yule aliyeketi pembeni ya mwenye rimoti. Hakuchagua kuhama, na taarifa aliyokuwa akiifuatilia imekatwa katikati.

Kwenye vibanda vya video vya Uganda haiwi hivyo. Mtu analipa kiingilio, msimulizi anaitafsiri filamu kwa Kiganda akiichangamsha kwa maneno yake, na hakuna mteja anayegusa rimoti. Watu hutoka wakibishana juu ya kisa ambacho wote wamekiona mwanzo hadi mwisho.