Kitu Chema na Jasho la Mtoto

Wazazi wapenzi, je, ni upendo kumpa mtoto kila kitu anacholilia? Wakumbukeni wahenga wa Katanga. Kabla ya karne ya 20 mafundi wao walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakaimimina shaba katika umbo la msalaba. Kwa misalaba hiyo watu walinunua vitu, walitoa na mahari. Kijana aliyeivukuta tanuru aliujua uzito wake.

Mtoto apataye baiskeli pasipo kazi huiacha mvuani. Kesho ataomba nyingine. Lakini yule aliyefuga kuku, akauza mayai, akaweka akiba mwezi kwa mwezi, huipangusa kila jioni.

Mtasema: “Sisi tuliteseka, watoto wetu wasiteseke.” Neno hilo ni la huruma, lakini kazi ya kiasi si mateso. Asiyejua jasho lake mwenyewe, atawezaje kuliheshimu jasho la jirani?

Basi, msimnyime mtoto kitu chema, wala msimtupie bure. Yeye alete nusu, nanyi mwongeze nusu. Hivyo atapata vitu viwili: baiskeli, na moyo wa kuitunza.