Uhuru wa Athene na Fedha ya Laurion

Mwanafunzi aliyetafiti utamaduni wa Wagiriki wa kale, asimamapo kuwahutubia watu, huelekea kuanza kwa sifa. Huko Athene raia walikutana kilimani Pnyx, wakajadili mambo ya nchi na kuyapigia kura. Sifa hiyo ni ya kweli. Je, ni halali kuitaja peke yake?

Mwaka 483 K.K. machimbo ya Laurion yalikuwa yametoa madini mengi ya fedha. Themistocles aliwashawishi raia wasigawane mali ile, bali waunde merikebu za vita. Na mwaka 480 K.K. Waajemi wakashindwa huko Salamis. Uamuzi ulikuwa wa watu huru. Walioichimba fedha yenyewe gizani walikuwa watumwa. Kura hawakuwa nayo, wala wanawake hawakuwa nayo. Aristotle, pamoja na ukubwa wa akili yake, alimwita mtumwa chombo chenye uhai.

Wako wasemao kwamba mtu wa kale asipimwe kwa mizani ya leo. Hoja hiyo ina uzito, ila Aristotle mwenyewe anakiri kuwa zama zake walikuwapo waliosema utumwa ni kinyume cha maumbile. Basi mizani ilikuwapo. Nasi, ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, tuna sababu ya kuuliza. Mwalimu atakayesikia Salamis ikisifiwa na amwulize mwanafunzi wake, kwa upole: merikebu zile zililipiwa kwa jasho la nani?