Tafakari ya Ramadhani, siku ya 14: Kikivunjika, nani analipa?



Jana baada ya tarawehe mama mmoja alinisubiri mlangoni. Anafanya usafi kwenye nyumba za watu, leo huku kesho kule, hana bosi mmoja. Mkononi ana karatasi ya daftari, mwanawe wa sekondari kamwandikia: "Kitu kikivunjika au kupotea wakati wa usafi, mimi sihusiki." Anataka mwenye nyumba asaini kabla yeye hajashika fagio. Akaniuliza, "Shehe, hii inafaa kwenye dini?"

Nilitaka kucheka, nikakumbuka yangu. Mwaka jana binti aliyekuja kutufanyia usafi nyumbani alidondosha chupa ya chai. Nikamkata 5,000 palepale, wala sikumuuliza ilikuwaje. Na chupa yenyewe niliiacha mimi ukingoni mwa meza.

Bukhari amepokea kutoka kwa Anas kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwa kwa mmoja wa wakeze, mke mwingine akatuma chakula kwenye sahani kupitia mtumishi. Mwenye nyumba akaingiwa na wivu, akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka ikavunjika. Mtume akaokota vipande na chakula, akamzuia mtumishi asiondoke mpaka ikaletwa sahani nzima ya huyo aliyevunja, ndiyo akarudi nayo. Tazameni hapo. Sahani ilikuwa mkononi mwa mtumishi, lakini hakudaiwa yeye. Aliyesababisha ndiye aliyelipa.

Wanazuoni wamelijadili sana hili kwa mafundi, washonaji na wapaka rangi za nguo. Wamaliki wanamdhaminisha fundi aliyekabidhiwa kitu, na imepokewa kwamba Sayyidna Ali naye alifanya hivyo ili watu wasichezee mali za wenzao. Sisi Mashafii kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wake ni mkono wa amana: halipi ila akizembea au akivuka mpaka aliowekewa. Kwa hiyo kwa ajali tupu, mama yule hata karatasi haihitaji.

Tatizo ni lile neno "sihusiki" alilolitandaza juu ya kila kitu. Ukimwaga maji kwenye TV iliyowashwa, huo ni uzembe, unahusika. Tena kwa Mashafii kumsamehe mtu deni ambalo bado halijawa deni hakushiki. Mwenye nyumba atasamehe baada ya jambo kutokea na kujua ni kiasi gani, akipenda. Hiyo "kupotea" nilimwambia aifute kabisa, maana inamtia shaka yeye mwenyewe.

Lakini jamani, tusimgeuzie kibao mama huyu. Karatasi ile imeandikwa na woga wa kukatwa hela. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara hivihivi: iwe ni kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Yeye ni wa kujitegemea, si mwajiriwa wa mtu, ila kipimo hicho kizuri hata kwa kibarua cha siku moja. Mimi nilikuwa jaji, shahidi na mdai, dakika moja tu!

Tukaiandika upya, pale pale barazani: vitu vya thamani mwenye nyumba avitoe au avionyeshe kabla, cha ajali hakilipwi, cha uzembe tutakaa tuzungumze mbele ya mtu wa tatu, ujira wa siku unalipwa siku ileile.

Akauliza, "Na wakikataa kusaini?" Nikamwambia awatume kwangu.

Yule binti sasa yuko Songea. Namba yake nimeipata leo asubuhi kwa mama yake, na ile 5,000 nitamtumia kwa simu kabla ya futari.