Matanga ya Mkate Yameisha

Daktari amekwambia uache ngano, nawe tangu siku hiyo unapita mbele ya duka la mikate kama mfiwa. Basi, anua tanga. Wazanzibari wana mofa, mkate wa unga wa mtama unaookwa kwenye tanuri la udongo. Waethiopia wana injera, na ile ya teff tupu haina hata chembe ya ngano. Wabrazil wana pão de queijo, vimikate vya wanga wa muhogo na jibini. Hakuna kati yao anayedhani anakula chakula cha mgonjwa.

Wengi hukata tamaa kwa sababu wanaanza na boflo. Wanatoa unga wa ngano, wanatia wa mchele kwa kipimo kilekile, kisha wanangoja uumuke. Hauumuki! Ngano ina gluteni, protini inayonyumbuka na kushika hewa ya hamira. Mtama hauna, mahindi hayana, muhogo hauna. Usiudai mtama kitu usichokuwa nacho. Udai kile unachokiweza: wanga wake ukikutana na maji yanayochemka, unanata. Aliyewahi kusonga ugali anaijua kazi hii tayari.

Jaribu leo jioni. Chukua vikombe viwili vya unga laini wa mtama, utie chumvi, bizari nyembamba, kitunguu na pilipili mbichi vilivyokatwakatwa vidogo sana. Chemsha kikombe kimoja na nusu cha maji, umimine, ukoroge kwa mwiko na kufunika dakika kumi. Kanda ungali wa moto, kadiri mkono unavyostahimili, mpaka donge liwe laini. Fanya madonge madogo, yatandaze kwa kiganja juu ya nailoni, uyachome kwenye kikaango kikavu kilichopata moto. Kingo zikipasuka, donge linataka maji ya moto kidogo zaidi. Mkate wa kwanza ukivunjika, uchovye kwenye mchuzi uule, kisha tandaza wa pili. Mkono hujifunza kwa kurudia, na unga wa mtama si ghali kiasi cha kukutia hofu.

Ukishauzoea huo, nenda kwenye dengu, unga uleule wa bajia. Kikombe kimoja cha unga kwa kikombe kimoja cha maji, chumvi, vijiko viwili vya mafuta. Uache saa mbili au zaidi, halafu mimina kwenye trei ya moto iliyopakwa mafuta na uoke kwa moto mkali hadi kingo ziwe za kahawia. Genoa wanauita farinata, Nice wanauita socca, na wote huunyunyizia pilipili manga. Mimi huongeza majani ya giligilani, na kwa maoni yangu mkate wa slesi haufui dafu mbele yake.

Lakini hamasa isikupofushe. Shayiri na rai nazo zina gluteni. Tangu Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alipoihusisha ngano na ugonjwa wa siliaki katika tasnifu yake ya mwaka 1950, tunajua kwamba mwenye ugonjwa huo hapaswi kula ngano hata kidogo. Mashine iliyotoka kusaga ngano itakuchafulia mtama wako, kwa hiyo nunua nafaka, ipepete, na umuulize mwenye mashine kabla hajaiwasha. Unga wa muhogo nao uchukue kwa mtu anayejua kuuloweka na kuuanika, maana muhogo mchungu usioandaliwa vizuri una sumu.

Hayo ukiyazingatia, huna sababu ya kusubiri. Ukitoka kazini leo, pita sokoni, nunua kilo moja ya mtama, uusage, kisha waite wa nyumbani mezani wakati mkate bado ni wa moto. Wala usiwaambie kwamba hauna ngano mpaka waombe mwingine.